Kizimba cha Paka wa Victorine

3 Oktoba
Mvua ya kwanza ya maana. Bati la jikoni linavuja mahali pawili. Tumetega beseni na sufuria. Victorine amesema jiko letu limekuwa ziwa la pili, tuanze kutoza kodi wavuvi. Nimecheka mpaka nikashika ukuta.

Daftari hili lilibaki shuleni baada ya mitihani, hakuna aliyeandika ndani hata jina lake. Nafundisha mwaka wa tano wa shule ya msingi. Kutwa nasoma maandishi ya wengine. Nimeona msimu huu niandike na yangu.

5 Oktoba
Kwanza niweke wazi nyumba ilivyo. Parseli hii ya Kalemie, kiwanja na nyumba, aliniachia marehemu baba, aliyekuwa fundi wa reli. Mume wangu alikwenda Manono kutafuta madini na hakurudi, wala sijawahi kujua kama ni kifo au ni mwanamke mwingine. Victorine ni mjane, mshonaji. Alikuja kupanga chumba kwa miezi mitatu, na sasa ni miaka kumi na moja. Ana hamsini na moja, mimi nina hamsini na nne, ndiyo maana ananiita Yaya, dada mkubwa. Tunapika chungu kimoja.

Ana paka watatu: Shefu, dume kubwa la kijivu lenye sikio lililochanika, Sukari, mweupe, na Neema, mdogo, mwembamba kama ufagio. Mimi siwachukii. Siwapendi tu kama yeye anavyowapenda, na wakati mwingine naona anawaaga asubuhi kwa maneno mengi kuliko mimi.

Leo Mama Bijou, jirani yetu wa upande wa ziwa, alikuja mpaka barazani. Anaanika ndagala, dagaa wa ziwani, nyuma ya ua wetu, ndizo zinazolisha watoto wake sita.

“Mama Victorine, sitaki vita,” alisema. “Lakini paka wako wamenimaliza. Wafungie. Usipowafungia, nitatia dawa ya panya kwenye samaki. Nasema mbele ya Mwalimu, kusudi kesho muntu asiseme sikusema.”

Victorine aliomba radhi na kulipa samaki walioliwa. Baadaye akakaa na Shefu mapajani bila kushona chochote.

“Nitawajengea nyumba huko inje, Yaya,” alisema. “Nyumba ya waya. Wapate jua, wapate hewa, na wasivuke ua.”

Nilifikiri anatania.

9 Oktoba
Hakutania. Amemleta fundi mbao aliyemjua kanisani, Papa Valère, mstaafu wa reli, anakaa Lubuye. Ana baiskeli nzee na penseli nyuma ya sikio. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alipima ukuta wa nyuma ya jikoni: mita nne kwa mbili, juu kufungwe, nusu mabati makuukuu aliyonayo, nusu waya. Dirisha la chumba cha Victorine litakuwa njia ya paka kuingia na kutoka.

Kisha akauliza, “Jua likiwa kali, huyu mukubwa analala wapi? Na huyu mweupe, anapenda kukaa juu ao chini?”

Victorine alimjibu kwa robo saa. Mtu wa adabu, huyu fundi. Nilimpenda.

11 Oktoba
Valère ameleta devi yake, makadirio ya gharama, kwenye karatasi iliyochanwa daftarini. Boriti na mbao dola thelathini, grilaji, yaani wavu wa waya, rola mbili thelathini na sita, misumari, bawaba na kufuli tisa, saruji kumi na nne. Jumla themanini na tisa. Niliisahihisha kama kazi ya mwanafunzi. Hesabu ilikuwa sawa, lakini mstari mmoja haukuwapo.

“Papa Valère, na kazi ya mikono?”

“Hiyo sitahesabu, Mama Mwalimu.”

“Juu ya nini?”

Alikuna shingo. “Juu ya paka.”

Nilimwangalia Victorine. Alikuwa ameinamia sindano yake, na sindano haikuwa na uzi.

12 Oktoba
Tulikuwa na dola mia moja na arobaini, akiba yetu ya miaka miwili kwa ajili ya mabati ya jikoni. Ameomba nusu yake, zinazopungua atazitoa kwenye kushona.

“Bati limengoja miaka miwili, Yaya. Litangoja tena mwezi mumoja.”

Ni haki yake. Nikampa sabini zake, moja moja, polepole, kusudi aone.

15 Oktoba
Mvua. Beseni mbili, sufuria mbili.

18 Oktoba
Nguzo sita zimesimama kwenye saruji. Valère alikula kwetu. Tulikuwa na samaki mzuri, kuhe, na Victorine akachukua kichwa akakiweka kwenye sahani ya Valère. Hakuniangalia hata kidogo. Miaka kumi na moja kichwa cha samaki ni changu. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, mwaka wa kwanza, kwamba mwalimu lazima ale kichwa. Nilikula mkia. Nilisema umeiva vizuri.

22 Oktoba
Grilaji imefungwa upande mmoja, na Neema akapita kwenye tundu lake kama maji! Kichwa, mabega, mwili wote, kisha akakaa nje akijilamba. Matundu ni mapana. Inatakiwa grilaji nyembamba, na hapa mjini imekwisha. Lazima isubiriwe ya Kigoma. Dola arobaini na nane zaidi, ambazo Victorine atazitafuta kwa cherehani. Hii ya kwanza haiwezi kurudishwa dukani, itatumika juu, rola mbili zikipishanishwa ili matundu yawe madogo.

Valère aliona haya. “Kosa ni langu, Mama Victorine. Nilipaswa kupima kichwa cha mudogo.”

Nilifurahi. Naandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine ninapoweza kusema. Nilifurahi kumwona mtu mzima akishindwa na paka mwenye miezi saba. Nilidhani sasa Victorine atakasirika. Walicheka wote wawili mpaka Valère akakaa chini kwenye mchanga.

27 Oktoba
Baada ya misa walitangulia mbele yangu chini ya mwavuli mmoja. Mwavuli wangu ulikuwa mzima, ulikuwa mkubwa, na ulikuwa na nafasi.

29 Oktoba
Hakuna mvua. Grilaji haijafika, kwa hiyo hakuna kazi. Valère alikuja tu.

2 Novemba
Leo nimefanya jambo la aibu. Baada ya masomo nilikwenda kwa muuza mbao nikajifanya nataka kujenga banda. Nilitaka kujua kama boriti zile kweli zilifika dola thelathini. Nilikwenda nikiwa nimejiandalia kabisa maneno nitakayomwambia Victorine: unaona, dada, ni mwizi kama mafundi wote.

“Mbao za Papa Valère?” muuzaji alisema. “Alichukua zile nzuri, zisizoliwa na mchwa. Alilipa thelathini na nane.”

Ametoa nane mfukoni mwake, kwa pensheni ile ambayo haifiki. Na hakusema.

Ningemkuta mwizi moyo wangu ungetulia. Nilirudi nyumbani nimechukia zaidi kuliko nilivyokwenda. Sikumwambia Victorine kitu. Habari njema za Valère hazitatoka kinywani mwangu.

8 Novemba
Grilaji ya Kigoma imefika. Kutwa nzima nyundo. Ametengeneza vibao vya kupandia kama ngazi, kimoja juu ya kingine, na cha juu kabisa kipo mahali jua la asubuhi linapopiga, kwa ajili ya Sukari.

Victorine amemshonea shati la kitenge. Bluu. Nilimuuliza kitambaa amepata wapi, akasema kilibaki. Nakijua kile kitambaa. Kiliwekwa kwa ajili ya blauzi yangu ya Noeli.

12 Novemba
Tulikuwa tunachuma matembele nyuma ya nyumba, saa kumi na moja jioni. Victorine akauliza bila kuinua kichwa:

“Yaya, muntu wa miaka yangu anaweza kuanza tena?”

“Kuanza nini?”

“Acha tu.”

Niliacha. Nilichuma matembele mpaka nikang'oa na mizizi.

15 Novemba
Kimebaki mlango tu. Valère anautengeneza kwake. Mama Bijou alichungulia juu ya ua akasema, “Nyumba nzuri kuliko yangu,” na hakuwa anatania.

16 Novemba
Baba mdogo wa Victorine amefariki Niemba. Victorine ameondoka asubuhi kwa pikipiki, mfuko mgongoni, kitenge cheusi. Amenikabidhi paka. Alipokaa juu ya pikipiki aliniambia, “Valère akileta mulango, umupe chai. Bila sukari.”

Kana kwamba simjui mwenye kunywa chai bila sukari ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

18 Novemba
Nitaandika kama ilivyokuwa.

Valère alikuja saa nane mchana, mimi nimetoka shuleni sasa hivi. Mlango alikuwa ameufunga kwenye baiskeli kwa kamba za mpira, fremu ya mbao na grilaji katikati, umepigwa randa mpaka unang'aa. Alikuwa amevaa shati lile la bluu. Aliniamkia vizuri, akaanza kufungua kamba, na huku akiuliza kama Mama Victorine amefika salama, kama Niemba kuna mvua, kama atarudi Jumatano ao Alhamisi.

Nilimtazama akiuliza. Nilijua kwamba siku moja, labda mwezi wa kwanza, labda Pasaka, mtu huyu atakuja na wajomba zake wakae barazani kwangu, na Victorine atatoka na mifuko yake, na mimi nitabaki na beseni mbili na sufuria mbili. Ndipo kinywa changu kikafunguka.

“Papa Valère, Victorine ameniachia neno.”

Akasimama.

“Anasema usirudi tena. Majirani wanasema sana. Ameona haya kukuambia mwenyewe.”

Alishika kamba iliyofunguka nusu. Kisha akauliza polepole, “Ni yeye mwenyewe alisema?”

“Ni yeye mwenyewe.”

Nafundisha watoto wasiseme uongo. Nina fimbo kwa ajili hiyo, ingawa siitumii. Na sauti yangu haikutetemeka.

“Bien, Mama.” Alimaliza kufungua kamba, akauegemeza mlango ukutani. “Huu ni wenu, mumelipa mbao. Bawaba ziko kwenye karatasi. Fundi yeyote atauweka kwa nusu saa.” Akapanda baiskeli, akashuka tena. “Umuambie pole ya matanga.”

Alipopotea nikachukua mlango nikauingiza chumbani kwangu, nikausukuma chini ya kitanda mpaka ukagonga ukuta.

20 Novemba
Victorine amerudi, amechoka, macho yamevimba kwa kulia. Nilimpikia samaki, mikebuka, na ndizi. Alipomaliza kunawa akauliza, “Valère hakuja?”

“Hakuja.”

Alimpigia simu mara mbili. Iliita mpaka ikakatika.

“Labda ana kazi nyingi,” nilisema.

“Labda,” alisema.

22 Novemba
Hakupiga tena. Amesema, “Simuombi muntu.”

24 Novemba
Tulikwenda misa pamoja, mwavuli wangu, bega kwa bega. Valère hakuonekana.

25 Novemba
Siku nzuri kabisa. Mvua tangu asubuhi, shule nusu tupu, nilirudi mapema. Tulikaanga karanga. Victorine alinisimulia matanga yote ya Niemba, nani alilia kwa kweli na nani alilia kwa kutazamwa. Alinipima blauzi kwa kitambaa kingine. Nilikuwa naimba, na sijui mara ya mwisho niliimba lini.

Aliniuliza kama tutafute fundi mwingine kwa ajili ya mlango. Nilimwambia tungoje mwisho wa mwezi, nikipata mshahara.

28 Novemba
Shefu amekufa.

Nilikuwa darasani, mtoto wa jirani akatumwa kuniita. Nilimkuta Victorine amepiga magoti uani, karibu na pipa la maji, Shefu amelala ubavu kwenye kitambaa cha kushonea, povu mdomoni, miguu ikikimbia bila kwenda popote. Victorine alikuwa amemmwagia maziwa kinywani, yote yalikuwa yametoka. Alikuwa akimwita jina lake tu, kwa sauti ya kawaida, kama anavyomwita kuja kula. Nilishika mguu wake wa nyuma. Sikuwahi kumshika kabla. Ulikuwa mgumu kama mti, kisha ukalegea, na huo ndio ulikuwa mwisho.

Kizimba kilikuwa pale, hatua kumi, kimesimama wazi. Vibao, jua, grilaji nzuri ya Kigoma, na mahali pa mlango pana shimo la mlango.

Victorine hakwenda kumfokea Mama Bijou. Alimfunga Shefu katika kitambaa kile, tukachimba nyuma ya migomba. Alipomaliza kusawazisha udongo kwa kiganja akasema:

“Alinidanganya kama mutoto. Akaniuliza paka wanalala wapi. Kumbe alikuwa anacheza. Kama angeleta mulango ule, Shefu angekuwa muzima. Mungu amulipe Valère.”

Hicho ndicho nilichokitaka tangu Oktoba, amchukie. Nilikisikia kwa masikio yangu, udongo ukiwa bado kwenye kucha zangu, na nikaingia chumbani, nikainama nikautazama mlango chini ya kitanda.

30 Novemba
Mama Bijou alinisimamisha njiani kutoka shuleni. Hakuwa na ukali.

“Mwalimu, niliona fundi akileta mulango. Niliona kwa macho yangu. Nikasema, sasa watafungiwa. Siku kumi nikangoja. Paka bado wanavuka, nikasema basi hawa mama wananidharau, wana mulango na hawaufungi.” Aliniangalia. “Mulango ulienda wapi?”

Nilitazama madaftari niliyobeba. Hakuuliza mara ya pili. Alisema hatamwambia Victorine, kwa sababu si neno lake.

3 Desemba
Victorine amewafungia Sukari na Neema chumbani, dirisha limefungwa. Wanalia kutwa. Hashoni.

6 Desemba
Mvua, mvua, mvua. Nalala juu ya mlango ule. Nikigeuka, kitanda kinaugusa.

9 Desemba
Leo baada ya masomo Victorine aliniletea karatasi na kalamu.

“Yaya, uniandikie barua ya Valère. Wewe una maneno. Umuambie amechukua mbao zetu, amekula kwetu, na paka wangu amekufa juu yake. Nitamupa muntu wa kanisa amupelekee. Nataka asome.”

Nilikaa mezani. Niliandika “Kalemie, tarehe 9 Desemba.” Niliandika “Papa Valère.” Mwandiko wangu ni mzuri, kila mtu anausifu. Nilitazama jina lile likikauka na sikuweza kuongeza hata herufi moja. Si kwamba nilipata ujasiri. Mkono ulikataa tu.

Nikaenda chumbani, nikalala kifudifudi kwenye saruji, nikauvuta mlango, nikaukokota mpaka uani. Victorine alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage. Nikauegemeza ukutani mbele yake.

Aliutazama mlango. Akanitazama mimi. Akautazama mlango tena.

“Umeutoa wapi?”

“Chini ya kitanda changu.”

“Ulifika lini?”

“Tarehe kumi na nane, ulipokuwa Niemba. Aliuleta. Nikamwambia umesema asirudi tena.”

Aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe moja, akalitupa. Alitoa jingine.

“Siku niliyorudi ulinipikia mikebuka.”

“Ndiyo.”

“Na ile siku ya karanga ulikuwa unaimba.”

“Ndiyo.”

“Nilisema moyoni, ata kama Valère amenitupa, niko na Yaya.” Akaweka ungo chini. “Nilimushukuru Mungu juu yako. Kwa magoti.”

Nilimwambia nilikuwa na wivu. Nilitaka kuendelea, kumweleza kichwa cha samaki, mwavuli, kitambaa cha bluu. Vyote vilikuwa vikubwa sana humu daftarini, na pale uani havikusemeka.

“Kesho utaenda Lubuye,” alisema. “Utamuambia wewe mwenyewe. Kwa kinywa kile kile.”

10 Desemba
Nilikwenda kwa miguu, nimeaga shuleni kwamba naumwa, na haukuwa uongo mzima. Valère anakaa kwa mwanawe, nyumba ndogo, mke wa kijana ana mtoto mchanga. Nilimkuta chini ya paa la majani akitengeneza benchi. Alinipa kiti kabla sijasema lolote.

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Nilimwambia na Shefu.

Alisikia habari ya Shefu ndipo akaweka randa chini.

“Mukubwa? Yule wa sikio?”

“Yule.”

Alitazama mikono yake. “Mama Mwalimu, niko na miaka sitini na tatu. Wiki tatu kwa kijana si kitu. Kwangu ni kitu.” Kisha akaongeza: “Simu ilipoita niliona jina lake. Nikasema, anataka kuniomba radhi juu ya kunifukuza, sitaki aone haya. Nikaiacha iite.”

“Nisamehe.”

“Ungeniambia tu kwamba unaogopa kubaki peke yako. Ningekusikia. Mke wangu alipokufa nilibaki peke yangu miaka tisa.”

Ningependa angenifukuza kwa benchi lile. Njiani kilichoniuma zaidi ni kwamba nilimwonea wivu tena: hata akiumizwa, yule mtu ni mwema kuliko mimi. Victorine amechagua vizuri.

11 Desemba
Hajanisemesha.

12 Desemba
Hajanisemesha. Amepika chungu chake.

13 Desemba
Mitihani inaanza. Nimesimamia watoto thelathini na wanane, na sikumwona hata mmoja.

16 Desemba
Valère alikuja. Nilikaa chumbani, nikasikiliza. Bawaba, misumari minane, na mlango ukafungwa kwa mlio mdogo. Nusu saa, kama alivyosema. Kisha nyundo ikanyamaza, na nikasikia Victorine akilia, kilio ambacho hakulia tulipokuwa tunamzika Shefu, na sauti ya Valère chini sana, sikupata maneno. Niliziba masikio. Ni mara ya kwanza msimu huu kwamba nilikataa kusikiliza.

17 Desemba
Nimewatazama Sukari na Neema kupitia dirisha la jikoni. Sukari alipanda vibao kimoja kimoja mpaka cha juu akalala kwenye jua. Mama Bijou ameanika ndagala, hakuna aliyezigusa.

25 Desemba
Blauzi haikushonwa. Nilivaa ya mwaka juzi.

29 Desemba
Wajomba wa Valère walikuja. Barazani kwangu, kama nilivyoona siku ile, viti vyangu, glasi zangu. Victorine hana ndugu hapa mjini, na mzee wao mmoja akauliza nani anasimama upande wa mwanamke. Victorine akaonyesha upande wangu kwa kidevu, bila kuniangalia.

“Mwalimu,” alisema.

Nikasimama. Nikapokea kitenge na maneno yao, nikajibu inavyojibiwa. Nilisema ni mwanamke mwenye mikono mizuri na moyo wa subira, wamtunze. Nilisema kweli yote. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba saruji.

4 Januari
Victorine amehamia Lubuye. Cherehani, mifuko minne, sufuria zake. Paka wamebaki. Mke wa kijana wa Valère hataki paka karibu na mtoto mchanga, na kizimba kimejengwa ukutani kwangu, hakiwezi kubebwa. Victorine alinieleza hayo mbele ya Valère, kwa ufupi, kama mtu anayepanga na mwenye nyumba: atakuja kila siku saa kumi kuwalisha na kusafisha. Hahitaji msaada.

6 Januari
Alikuja saa kumi. “Habari, Mwalimu.” “Nzuri.” Akaingia kizimbani, akakaa nao saa nzima. Mimi nilikuwa jikoni nakata kitunguu kimoja.

9 Januari
Alikuja. Ana kiatu kipya.

13 Januari
Alikuja. Alikuwa anawasimulia paka habari za Lubuye, mtoto mchanga, mke wa kijana anayetia chumvi nyingi. Anawasimulia jinsi alivyokuwa akinisimulia mimi. Nilisimama nyuma ya ukuta na ndoo tupu mkononi. Kwanza wivu wangu ulikuwa kwa mwanamume, sasa ni kwa Neema.

15 Januari
Nimenunua mabati mawili ya jikoni kwa sabini zangu na mshahara. Fundi ameweka. Mvua imekuja na hakuna tone. Jikoni pamekuwa kimya sana.

18 Januari
Mvua ilimkuta ndani ya kizimba leo, saa kumi na robo, ile ya upepo kutoka ziwani inayopiga ubavuni. Nilimwona kupitia dirisha amesogea chini ya nusu ya mabati, Sukari mapajani, Neema ndani ya kitenge, miguu imelowa. Angeweza kukimbia mpaka barazani. Hakukimbia.

Nilichemsha chai. Niliitia maziwa kama anavyoipenda, nikajifunika kitenge kichwani, nikatoka. Uani maji yalifika kwenye vifundo. Nilipofika kwenye kizimba kikombe kilikuwa kimejaa zaidi kuliko nilivyokijaza. Nilisimama nje ya mlango. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi tangu Desemba, na hakuna hata moja lililonifuata kwenye mvua.

Alinitazama kupitia grilaji. Mvua ilikuwa inanipiga mgongoni, inaingia kwenye chai.

“Utasimama hapo mpaka lini?” alisema.

Nikafungua komeo kwa mkono mmoja na kubaki pale, mlango wazi nusu, na Neema akatoa kichwa kwenye kitenge kuangalia nje.

Victorine akasogea kwenye ubao, kidogo tu, akamshika Neema.

“Ingia basi, na ufunge mulango. Paka watatoka.”

Niliingia, nikafunga.